Taa za usalama za gari zikiwaka ukiwa barabarani: mwongozo kamili kwa dereva

Taa ya joto la injini ikiwaka, karibu kila dereva atasimama, maana anajua kinachofuata ni mvuke na injini kuungua. Taa ya ABS (mfumo unaozuia tairi kujifunga wakati wa breki), SRS (eabegi, ile mifuko ya hewa inayofunguka wakati wa ajali) au VSC (mfumo unaozuia gari kuteleza) ikiwaka, gari linaendelea kuvuta kama kawaida. Breki zinashika, usukani unageuka, safari inaendelea, na baada ya wiki mbili dereva ameshaizoea taa ile kiasi kwamba haioni tena. Kuzoea huko ndiko kunakoniumiza. Mifumo hii haina kazi kubwa siku za kawaida. Kazi yake ni zile sekunde mbili za siku mbaya, mtoto anapokatiza barabara ghafla au lori linapohama upande wake. Taa ikibaki imewaka, gari linakuambia mapema kwamba sekunde hizo zikifika, kinga uliyoilipia haitakuwepo.

Wengi wetu tunaendesha magari yaliyotumika Japani. Kitabu cha maelekezo ama kimeandikwa Kijapani ama kilibaki hukohuko. Bahati nzuri alama za dashibodi hazitegemei lugha. Zimepangwa na kiwango cha kimataifa, ISO 2575, kwa hiyo duara lenye alama ya mshangao ni breki kwenye Vitz, kwenye Forester na kwenye Mercedes-Benz. (Ile sauti ya mwanamke wa Kijapani unayoisikia ukiwasha gari, mara nyingi inasema kadi ya kulipia barabara za kwao haijachomekwa. Si hitilafu, iache.)

Kabla ya kuondoka: kagua taa zenyewe

Mwongozo huu unaanzia gari likiwa limesimama, kwa sababu huwezi kujua taa gani ni ngeni kama hujui dashibodi yako ikiwa nzima inafanana vipi.

Geuza ufunguo hadi ON bila kupiga stata. Kwa gari la kitufe, toa mguu kwenye breki, kisha bonyeza kitufe mara mbili. Kwenye magari mengi hapo ndipo ON ilipo. Taa karibu zote zitawaka kwa pamoja. Zipitie moja moja: BRAKE, ABS, SRS (au picha ya mtu aliyekaa akiwa na duara mbele yake), VSC (au picha ya gari linaloacha alama za tairi zilizopinda), usukani wenye alama ya mshangao, betri, na kopo la oili. Usiwashe injini bado. Subiri. Taa ya SRS kwenye Toyota nyingi hubaki kwa takriban sekunde 6, kisha huzima yenyewe. ABS nayo huzima baada ya sekunde chache. Taa ya betri na ya oili zinatakiwa kubaki zimewaka, maana injini haijawaka. Sasa piga stata: betri na oili zizime, na BRAKE izime ukishusha hendibreki. Rekodi video ya hatua zote hizi kwa simu na uihifadhi. Siku taa ikikutia shaka, utakuwa na cha kulinganisha.

Kwa anayekwenda kununua gari, hapa pana jambo kubwa kuliko mengine yote: taa isiyowaka kabisa wakati wa jaribio hili ni mbaya kuliko taa inayogoma kuzima. Inayogoma kuzima inasema ukweli. Isiyowaka huenda imenyamazishwa. Wapo wanaotoa balbu, wapo wanaobandika kipande cha gundi nyuma ya alama, na wapo wanaounganisha waya wa taa ya eabegi na waya wa taa nyingine ili zizime pamoja. Ujanja huu wa mwisho ndio unaowakamata wengi, na dawa yake ni ile subira ya hapo juu. Kama taa ya SRS haikuzima yenyewe ukiwa kwenye ON, bali imesubiri injini iwake ikazima sawia na taa ya oili, mtafute fundi afungue dashibodi kabla hujatoa pesa.

Upo pia udanganyifu wa kuweka rizista ndogo (kifaa kinachozuia umeme) mahali pa eabegi iliyokwisha kufyatuka, kompyuta ikaamini kila kitu kipo. Huo taa haitaukamata. Tazama kava la katikati ya usukani kama rangi yake imetofautiana na sehemu nyingine, pitisha mkono juu ya dashibodi upande wa abiria utafute mshono au gundi, na vuta kila mkanda hadi mwisho uone kama unarudi wenyewe. Mkanda uliokaza siku ya ajali mara nyingi hukwama.

Taa ikiwaka ukiwa kwenye mwendo

Rangi inakuonyesha jambo ni la haraka kiasi gani. Nyekundu inataka hatua sasa hivi. Njano ina maana gari linatembea lakini kinga fulani imezimika au ina kasoro. Kijani na bluu zinakujulisha tu kwamba kitu kimewashwa. SRS inavunja utaratibu huu kidogo, kwa kuwa kwenye magari mengi ni nyekundu ilhali gari bado linaendeshwa; nitaifikia.

Taa mpya ikitokea, usikanyage breki ghafla na usiikodolee macho. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani kwa mikono miwili, tazama kioo cha nyuma. Kisha gusa breki kidogo kwa ncha ya mguu: pedali iko juu na ngumu kama siku zote, au inazama? Sikiliza usukani: unavuta upande, umekuwa mzito? Kuna harufu ya kuungua, kuna mlio wa chuma? Mwisho angalia kama taa ile iko peke yake au imekuja na wenzake, kwa sababu mchanganyiko wa taa mara nyingi unaeleza zaidi ya taa moja. Haya yote yanachukua muda mfupi kuliko kuyasoma.

Usizime injini gari likiwa bado linakwenda. Hii huwajia watu wakishikwa na hofu, na inazidisha hatari. Nguvu inayolainisha breki inatokana na injini. Ikizimwa unabakiwa na mkanyago mmoja au miwili ya kawaida, baada ya hapo pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Usukani nao unakuwa mzito, na ukichomoa ufunguo unaweza kujifunga kabisa.

Ukiamua kusimama, washa indiketa, sogea nje kabisa ya lami, na usisimame kwenye kona au chini ya mgongo wa kilima ambako anayekuja nyuma hatakuona. Washa taa za hazadi, weka kiakisi cha pembetatu mbali na gari, hatua 50 au zaidi kwenye barabara kuu, na kabla ya kona kama ipo karibu. Abiria washuke upande usiopita magari na wasimame mbali na gari, wasikae ndani kupigwa na kiyoyozi.

Breki, taa nyekundu

Hii ndiyo taa ninayotaka uielewe kuliko zote. Duara lenye alama ya mshangao au herufi P, au neno BRAKE, likiwa jekundu, linaweza kuwa na maana tatu.

Ya kwanza ni hendibreki haijashuka hadi chini. Ishushe, taa izime, endelea. Kama umetembea nayo umbali mrefu, simama breki za nyuma zipoe.

Ya pili ni mafuta ya breki yamepungua kwenye kikopo chake. Hapa pana somo ambalo mafundi wengi wa haraka hulipita. Mafuta ya breki hayaishi kwa kutumika kama petroli. Yakipungua, ama yamevuja ama breki pedi zimelika. Pedi inavyolika, pistoni ya kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) husogea nje, na mafuta hushuka kujaza nafasi iliyobaki nyuma yake. Upungufu wa namna hii huja polepole, na taa huanza kwa kumulika mara moja moja unapokata kona au unaposhuka mlima, kwa kuwa mafuta yameinamia upande mmoja wa kikopo. Gari likikaa sawa inazima. Ukiona hivyo, kagua pedi kwanza. Ukijaza mafuta bila kukagua utakuwa umeifunga mdomo dalili, na pedi zitalika hadi chuma kikutane na diski. Uvujaji ni kitu kingine: taa huja ghafla, pedali inashuka, na mara nyingi utakuta unyevunyevu upande wa ndani wa gurudumu. Hapo gari halisogei tena hadi livutwe.

Kifuniko cha kikopo kimeandikwa aina ya mafuta. Kwa magari mengi ya Japani ni DOT 3, na DOT 4 inaweza kuchanganywa nayo. DOT 5 ni ya silikoni, isiingie humo. Ushauri wa njiani wa kuongeza oili ya injini, mafuta ya stelingi au maji ili tu ufike ni wa kuua: oili huvimbisha raba zote za mfumo wa breki, na baada ya hapo unabadilisha kuanzia silinda kubwa hadi kalipa, na maji huchemka kwenye joto ambalo breki hulifikia kwa urahisi mteremkoni.

Tukiwa kwenye kuchemka: mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani. DOT 3 mpya inachemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya unyevu, kiwango kinachokubalika kinashuka hadi 140. Anayeishi Tanga, Dar es Salaam, Zanzibar au Mombasa anaishi ndani ya unyevu huo mwaka mzima. Badilisha mafuta yote kila baada ya miaka miwili hata kama kikopo kimejaa. Mafuta yakichemka yanatoa mapovu, mapovu yanabonyea, na pedali inazama hadi sakafuni. Hakuna taa yoyote kwenye gari la kawaida itakayokuonya kuhusu hili. Kwenye mteremko wa Kitonga ukitokea Iringa, kwenye Sekenke, au ukishuka kuelekea Salgaa, onyo utakalopata ni harufu ya kuungua na pedali inayoanza kulegea. Weka gia ndogo kabla mteremko haujaanza. Kwa otomatiki tumia 2, L au S, na kwa haibridi B. Injini ishike gari, breki zipate kupumzika.

Maana ya tatu inajulikana kwa sababu taa nyekundu ya BRAKE imekuja pamoja na njano ya ABS huku hendibreki ikiwa chini na mafuta yakiwa kamili. Hapo mfumo unaogawa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma huenda umezimika. Ukikanyaga kwa nguvu, magurudumu ya nyuma yanaweza kujifunga kabla ya mbele na gari likageuka. Punguza mwendo taratibu, simama mahali salama, ita gari la kuvuta.

Na ikitokea pedali imezama kabisa? Kanyaga na kuachia haraka haraka mara nyingi, huenda mguso mwingine ukapata shinikizo. Shusha gia moja baada ya nyingine. Vuta hendibreki polepole huku umebonyeza kitufe chake, ili uweze kuilegeza tairi za nyuma zikianza kuserereka. Kwa hendibreki ya umeme, vuta swichi na uendelee kuishikilia. Washa hazadi, piga honi mfululizo, tafuta mwinuko, mchanga au majani marefu. Wenye Prius, Aqua na haibridi nyingine za Toyota wajue kwamba breki zao zinaendeshwa na pampu ya umeme. Taa ya breki ikija na mlio mfululizo, simama mapema wakati bado zinashika.

ABS

ABS ya kisasa ilianza kuuzwa mwaka 1978, iliyotengenezwa na Bosch kwa ajili ya Mercedes-Benz S-Class, na wazo lake halijabadilika. Kila gurudumu lina sensa ya mzunguko. Kompyuta ikiona gurudumu moja linataka kujifunga wakati wa breki kali, inalilegeza na kulibana mara nyingi kwa sekunde, ili uendelee kuwa na usukani. Ukisikia pedali ikipigapiga mguu wako na mlio wa kukwaruza siku ya breki ya dharura, ndiyo inafanya kazi. Usiachie. Kandamiza hadi mwisho na ukwepe.

Taa ya njano ya ABS ikibaki peke yake, breki za kawaida zipo. Unaweza kufika gereji. Ila ongeza nafasi kati yako na gari la mbele, hasa mvua ikinyesha, na kumbuka kwamba ukikanyaga kwa nguvu tairi zinaweza kujifunga na usukani usifuate. Zikijifunga, legeza kidogo kisha kanyaga tena.

Chanzo mara nyingi ni kitu kidogo: sensa iliyojaa tope au unga wa chuma, waya uliokatika kwa mawe ya barabara za vumbi, betri dhaifu, au tairi moja yenye saizi tofauti na nyingine. Kuna kimoja kinachosumbua sana baada ya matengenezo. Beringi nyingi za kisasa zina upande mmoja wenye utepe wa sumaku ambao sensa huusoma. Fundi akiifunga kinyume, gari linatembea vizuri lakini ABS inawaka dakika chache baada ya kutoka gereji. Taa ikitokea mara tu baada ya kubadilishiwa beringi, habu au breki pedi, rudi palepale kabla ya kununua sensa mpya. Na kama ulinasa kwenye tope, magurudumu mawili yakazunguka muda mrefu huku mengine yamesimama, taa inaweza kuwaka kwa sababu kompyuta imechanganyikiwa. Zima gari, liwashe, endesha kidogo, mara nyingi itazima yenyewe.

VSC, ESC, VDC: gari linaloteleza

Majina ni mengi, picha ni moja. Ikimulika sekunde chache unapokata kona kwenye utelezi, mfumo unakusaidia wakati huohuo. Pokea ujumbe na upunguze mwendo. Ikibaki imewaka bila kumulika, umezimika. Ikisomeka OFF, kuna mtu amebonyeza kitufe chake. Kitufe hicho kina matumizi halali: ukinasa kwenye mchanga au tope, mfumo hukata nguvu ya injini kila tairi ikizunguka bure, kwa hiyo uzime, utoke, kisha uuwashe tena.

Kwenye Subaru na Toyota nyingi taa hii huja pamoja na taa ya injini, na kwenye Subaru ile ya kruzi (mfumo wa kushikilia mwendo) nayo humulika. Watu huogopa wakidhani gari zima limekufa. Kwa kawaida tatizo liko kwenye injini, na kompyuta imezima VSC kwa tahadhari tu. Soma namba ya hitilafu ya injini kwanza. Inaweza kuwa plagi au koili, wakati mwingine hata kifuniko cha tangi hakikukazwa.

Taa nyingi kwa mpigo

ABS, usukani, SRS na betri zikiwaka ndani ya dakika moja, usianze kufikiria mifumo minne. Fikiria umeme. Altaneta ikiacha kuchaji, volti zinashuka na kompyuta zinaanza kuzimika. Kipimo cha volti cha bei nafuu kinatosha: betri nzima injini ikiwa imezima husoma takriban 12.4 hadi 12.6, na injini ikiwaka magari mengi husoma kati ya 13.5 na 14.5. Chini ya 12.5 injini ikiwaka, betri inaliwa bila kurudishiwa. Zima kiyoyozi na redio, usizime injini hadi ufike mahali pa usalama, na kama ni usiku, simama mapema kabla taa za mbele hazijafifia.

Usukani wa umeme ukikosa nguvu unakuwa mzito ghafla. Bado umeunganishwa na magurudumu kwa chuma na unageuka. Tumia mikono yote miwili na upunguze mwendo kabla ya kona, wala si ndani yake.

Upepo wa tairi

Picha ya kiatu cha farasi chenye alama ya mshangao. Magari mengi yaliyouzwa kwa soko la ndani la Japani hayana taa hii. Utaikuta kwenye yaliyotoka Marekani, ambako ililazimishwa kuanzia 2007, na Ulaya, kwa magari yote mapya kuanzia Novemba 2014. Kanuni ya Marekani inaitaka iwake upepo ukipungua asilimia 25 chini ya kipimo kilichopangwa, kwa hiyo ikiwaka tairi tayari lina upungufu mkubwa. Ikimulika kwa dakika moja hivi kisha ikabaki, sensa zenyewe ndizo mbovu. Pima tairi likiwa baridi, kwa namba iliyo kwenye stika ya nguzo ya mlango wa dereva. Imeandikwa kPa: 230 ni kama 33 kwenye geji zetu za PSI.

Eabegi

Herufi za SRS zinasema mfumo wa kuongezea, yaani wa kuongezea mkanda. Taa ikibaki imewaka, eabegi zinaweza zisifunguke kabisa, na kile kifaa kinachokaza mkanda papo hapo wakati wa ajali nacho kinaweza kuwa kimezimika. Gari linaweza kuendeshwa hadi gereji. Haliwezi kuitwa zima.

Vyanzo viwili vinajirudia. Kimoja ni soketi za njano chini ya viti vya mbele: kiti kikisukumwa kwa nguvu, mzigo ukilazimishwa chini yake, au gari likioshwa ndani kwa maji mengi, soketi inalegea au inashika kutu. Mwambie anayeosha asimwage maji chini ya viti. Kingine ni utepe wa waya uliojikunja ndani ya usukani. Ukikatika, SRS inawaka na mara nyingi honi inaacha kulia siku hiyohiyo, na vitufe vya usukani vinakufa. Honi na eabegi vikiondoka pamoja, umeshampunguzia fundi nusu ya kazi.

Usiruhusu mtu kupima nyaya za njano kwa balbu ya majaribio wala kipimo cha kawaida. Mkondo mdogo tu unaweza kufyatua eabegi usoni kwake. Betri ichomolewe, na isubiriwe angalau sekunde 90 kwa utaratibu wa Toyota, dakika 3 kwa Honda, ndipo kazi ianze. Usikubali eabegi ya mtumba kutoka gari lililopata ajali. Kava za viti zinazoshonwa kufunika kiti kizima nazo zinahitaji uangalifu: kama ubavu wa kiti una kitambulisho cha SRS AIRBAG, humo ndani mna eabegi ya pembeni, na kava lisilo na nafasi upande huo linaweza kuizuia. Kaa kifua chako kikiwa angalau sentimita 25 kutoka usukani. Kiti cha mtoto kinachoangalia nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya eabegi inayofanya kazi.

Kuna hatari moja ambayo taa hii haiioni. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza eabegi zenye kifyatuzi cha nitreti ya amonia ambayo huharibika taratibu kwa joto na unyevu. Ikishaharibika, siku ya ajali kopo lake la chuma linaweza kupasuka na kurusha vipande kwa dereva. Marekani pekee yaliitishwa marekebisho ya vifyatuzi takriban milioni 67, na Takata iliomba kufilisika Juni 2017. Miongoni mwa yaliyohusika ni baadhi ya matoleo ya Vitz, Corolla na Honda Fit, magari yaliyojaa kwenye barabara zetu, na hali ya hewa inayoziharibu ndiyo ya pwani yetu. Dashibodi inaweza kuwa safi kabisa na eabegi ikawa mbovu. Chukua namba ya chesisi, ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji ya Japani, sehemu ya kukagua marekebisho yaliyoitishwa, na uiingize. Simu itakutafsiria ukurasa. Kisha umpigie wakala wa kampuni hiyo nchini mwako kuuliza utaratibu wa kubadilishiwa.

Kamera za mbele

Magari yenye EyeSight ya Subaru au Toyota Safety Sense, mifumo inayoweza kupiga breki yenyewe kuepusha ajali, hutazama barabara kwa kamera iliyo ndani, sehemu ya juu ya kioo cha mbele. Taa yake ikiwaka asubuhi ya ukungu au baada ya vumbi, safisha kioo. Stika za usalama barabarani zibandikwe mbali nayo. Kioo kikibadilishwa, kamera lazima ipimwe upya, la sivyo gari linaweza kupiga breki mahali pasipo na kitu au lisipige palipo nacho.

Kwa fundi

Andika taa ipi, lini, mwendo gani, mvua au jua, na nini kilitengenezwa karibuni. Vifaa vidogo vya bluetooth vya kuchomeka chini ya usukani vingi vinasoma injini tu. Kwa ABS na eabegi unahitaji mashine inayofika kwenye kompyuta hizo. Namba za hitilafu zinazoanza na P ni za injini na gia, C ni za breki na mwendo wa magurudumu, B ni za bodi pamoja na eabegi, U ni za kompyuta kushindwa kuwasiliana. Piga picha namba hizo kabla hazijafutwa. Fundi akizifuta bila kutengeneza, taa itazima kwa muda na itarudi, na utakuwa umelipia ukimya.

Kazi ikiisha, usilipe ukiwa umesimama gereji. Rudia jaribio la ON mbele ya fundi, ukilinganisha na ile video yako. Kisha endesha zaidi ya kilomita 20 kwa saa, maana ABS hujikagua gari likianza kwenda na hitilafu nyingi za sensa huonekana hapo tu. Mwisho tafuta barabara ya changarawe isiyo na watu, hakikisha nyuma hakuna mtu, kimbia hadi 30 au 40, na ukandamize breki hadi mwisho. Pedali ikipigapiga na gari likasimama likiwa limenyooka, mlipe.